Pete kwenye Kijiti cha Tatu

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Leo mzee Essop, ninayemfanyia usafi, amenifungulia sefu lake. Nikafikiri iko dhahabu. Wapi! Bastola tano, zimerundikana kama viatu mlangoni pa msikiti. Magazini, vile vibati vya risasi vinavyoingia kwenye mpini, ziko kwenye kopo la biskuti pamoja na vifungo vya shati na dawa ya kikohozi. Ipi ni ya ipi, hakuna anayejua.

Ni mabaki ya kampuni yake ya ulinzi. Ilikufa, walinzi wakarudisha silaha, yeye akazitupa humo akafunga. Leseni anazo. Ila polisi anakuja Ijumaa ya wiki ijayo kukagua: namba za bastola zilingane na namba za karatasi, na sefu lishikwe ukutani kwa boliti. Mzee macho yameharibika kwa sukari. Akasema, kwa Kiswahili alichofundishwa na bibi yake (yeye mzaliwa wa Durban, ukoo ulitoka Unguja zamani huko), "Constance mwanangu, nisomee namba."

Nikachukua ya kwanza. Mikono yangu haikuniuliza. Ikatoa magazini, ikavuta chuma cha juu, ikaangalia kama risasi iko ndani. Ilikuwemo! Ikaruka mpaka chini ya kabati. Mzee hakuiona, ila aliisikia. Nani amekufundisha? Nikasema filamu. Filamu! Mjinga mimi.

Nimeolewa miaka kumi na mtunza ghala la silaha la jeshi la Zaire, Bukavu. Kila Jumamosi nilimsaidia kupangusa. Lakini kwenye karatasi zetu za ukimbizi za Home Affairs mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Askari wa jeshi lile hapendwi na mtu hapa, hata kanisani kwetu. Uongo wetu ukijulikana, kibali hakuna, na kule nyumbani vita vimewaka tena mwezi uliopita. Nifunge mdomo. Na mikono pia!

Jumatano, 9 Septemba

Nilimsimulia mume wangu, Baba Gracieuse, habari ya sefu, angalau acheke. Hakucheka. Akaweka kijiko chini. Ile yenye risasi, ilielekea wapi? Mlango? Jiko? Na mafuta walipaka lini? Uji ukapoa.

Siku hizi hacheki na lolote. Analinda magari parking ya ufukweni. Mkubwa wao pale ni Steve, mtu wa Bukavu kama sisi. Mwezi wa saba alimtambua. Tangu siku ile, kila asubuhi, kabla ya kumpa lile koti la njano, anamsimamisha mbele ya wenzake na kumwita kwa cheo chake cha jeshi: "Adjudant, saluti!" Naye anapiga. Akikataa, Steve anakwenda Home Affairs kusema.

Haya yote nimeambiwa na Pascal, mwenzake wa kazi, tunakaa naye jengo moja hapa Berea. Mume wangu mwenyewe hajasema neno. Anavua viatu, anaangalia ukuta. Namuonea huruma, halafu nakasirika, halafu namuonea huruma tena.

Jumamosi, 12 Septemba

Siku nzuri! Niiandike yote.

Nilimpeleka kwa mzee Essop kama fundi wa kutoboa ukuta tu. Akaomba mashine, akatoboa, akafunga sefu kwa boliti nne. Kisha akaona ndani. Akasimama pale mkono kiunoni — ule msimamo wake wa zamani! — akasema, "Mzee, samahani, hii ni aibu."

Mzee Essop akacheka. Akamwambia wewe si fundi wa ukuta. Mimi nikamkanyaga mguu. Bure. "Adjudant, mzee. Miaka kumi na nne, ghala la silaha." Nilitaka kuzama ardhini. Mzee akaweka kidole mdomoni, akasema jambo la nyumba hii halitoki nje ya nyumba hii.

Basi akaanza. Kila bastola mezani, tupu, mdomo kuelekea ndoo ya mchanga. Akakata fimbo ya ufagio vijiti vitano, akavipigilia kwenye ubao, kila mtutu ukavishwa kwenye kijiti chake. Magazini akazijaribu moja moja mpaka kila moja ikampata mwenyewe. Mimi nikaziandika namba kwa cutex yangu nyekundu, moja mpaka tano, kama tulivyofanya Bukavu. Zikasimama wima kwenye boksi la vijiko. Zote tupu, isipokuwa ya tatu. Mzee alishikilia: wezi wamezidi mtaani, moja ibaki na risasi. Walibishana. Mwisho mume wangu akasema d'accord, risasi nane, lakini iandikwe.

Maana iko daftari! Daftari la shule la Gracieuse, limefungwa kwa kamba nyuma ya mlango wa sefu. Amepiga namba kila ukurasa, ili mtu asichane. Kutoka, kurudi, risasi, sababu, sahihi. Nikamtania: mzee akienda chooni nayo, aandike sababu gani? Hakutabasamu hata kidogo. Ukikosea unapiga mstari mmoja kwa rula, ili ulichoandika kisomeke, halafu unatia sahihi. Na silaha ikitoka, kwenye kijiti chake unaacha kitu chako. Kule waliacha kipande cha shaba chenye namba ya askari. "Kijiti hakikai tupu," akamwambia mzee. "Kikiwa tupu, ni mwizi."

Alifundisha saa mbili nzima. Sauti yake ilirudi! Ndani ya taxi alinishika mkono mbele ya watu. Nimeolewa upya.

Jumapili, 13 Septemba

Kanisani aliimba. Sauti ya pili, ile nzito. Tulipotoka Steve alikuwa ng'ambo ya barabara, karibu na robot, zile taa za barabarani. Akapiga saluti kwa vidole viwili, akacheka. Mume wangu alibadilika uso palepale.

Jumatatu, 14 Septemba

Gracieuse alipitia parking baada ya shule, kumpelekea baba yake chakula. Amerudi na sahani imejaa. Ameniuliza: mama, kwa nini papa amempigia yule mtu magoti?

Ana miaka tisa. Nimemwambia papa alikuwa anatafuta kitu chini. Hakuniamini.

Jumanne, 15 Septemba

Baba Gracieuse hakwenda kazini. Amekwenda Queensburgh kwa mzee peke yake, eti kukaza boliti kabla ya mkaguzi. Mimi kwa mzee ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa hiyo sikuwepo.

Amerudi bila pete. Kidole kina alama nyeupe pale ilipokuwa. Nikauliza. Eti mashine ilimvimbisha kidole, akaivua kwa sabuni, iko mfukoni. Nikasema nionyeshe. Akatoka kwenda kuchota maji. Maji yalikuwepo!

Jumatano, 16 Septemba

Mungu wangu.

Mzee alinipa funguo nipanguse vumbi. Nikafungua. Kijiti cha kwanza, bastola. Cha pili, bastola. Cha tatu — pete. Pete ya mume wangu, ndani imeandikwa jina langu na tarehe ya harusi. Cha nne, bastola. Cha tano, bastola. Kwenye boksi la vijiko magazini ya tatu haipo.

Hakuiba! Hilo ndilo lililonitoa machozi. Ameacha kitu chake kama askari anayekwenda zamu. Na daftarini ameandika: kutoka, Jumanne, saa nane mchana, risasi nane. Sahihi, na cheo chake. Kwenye sababu, hakuna kitu.

Mzee akauliza kutoka kwenye kiti chake: "Zote zipo, mwanangu?" Nikajibu: "Zote tano, mzee." Sauti haikutetemeka. Nimejiogopa.

Nyumbani nilimsubiri mlangoni. Nikamwambia nimeona pete. Hakukataa. Nikamuuliza bastola iko wapi, amesema si humu ndani, hataiingiza anapolala mtoto. Unataka kumfanya nini Steve? Akainama, akavua viatu. Nikalia, nikamtukana, nikamshika kola. Nikamwambia Ijumaa saa nne polisi anafungua lile sefu, na funguo nashika mimi, mkimbizi, nani atanisikiliza? Akanitoa mikono taratibu. "Itarudi kabla ya Ijumaa, mama Gracieuse. Nimeweka pete."

Kama pete inazuia risasi!

Alhamisi, 17 Septemba

Niliamka, hayupo. Nikampeleka mtoto shule, nikashuka mpaka parking. Baba Gracieuse hakuwepo. Pascal hajamuona. Steve yuko, amekaa kwenye kreti la soda anakula karanga.

Akaniita mama, kwa adabu kabisa. Akaniuliza mwalimu anaumwa? Nikamwambia muache mume wangu, mtoto ameona. Akaacha kutafuna. Akaniambia habari za duka la baba yake. Askari walichukua sukari, wakachukua mizani, wakarudi kung'oa mabati ya paa. "Baba yangu alipiga magoti, mama. Mimi nilikuwa nyuma ya gunia, naangalia. Nani alimwinua?"

Mume wangu hakuwa katika lile kundi, najua, alifunga ghala na kulala mlangoni siku tatu ili wasichukue zaidi. Lakini bunduki zao zilitoka wapi mwanzo? Alizitoa yeye, kwa sahihi.

Na nilitaka kumwambia Steve: ondoka hapa leo, nenda kwako, usikae parking. Neno lilifika ulimini. Nikilisema, nimemfunga mume wangu. Nikageuka, nikaondoka. Nimemuacha anakula karanga.

Saa kumi na moja Baba Gracieuse ameingia. Pete iko kidoleni. Ameleta mkate. Amekula sahani mbili, kisha akakaa na Gracieuse kumfanyisha hesabu za kugawanya. Mwalimu wa hesabu! Nilimvuta pembeni. Amesema: "Imerudi mahali pake. Kila kitu kimeandikwa." Nikauliza umefanya nini. "Kila kitu kimeandikwa," basi.

Mikono yake inanuka sabuni ya kufulia.

Ijumaa, 18 Septemba

Naandika jikoni kwa mzee Essop. Maji ya chai yako motoni. Polisi yuko sebuleni.

Niende taratibu.

Asubuhi Pascal alinisimamisha kwenye ngazi. Jana saa nane mchana kulisikika mlio mmoja, nyuma ya parking, kule kwenye mapipa ya taka. Mmoja tu. Watu wakakimbia, kila mtu na njia yake. Baadaye polisi walikuja kuuliza, hakuna aliyeona kitu. Na Steve? Hajaonekana tangu hapo. Kreti lake liko palepale.

Nilifika hapa saa tatu. Mzee alikuwa bafuni, anajiandaa kwa swala ya Ijumaa. Mwenyewe aliniambia kupitia mlango: Adjudant alikuja jana kukaza boliti ya mwisho, mtu mwema kweli, amekataa hata chai. Nikafungua sefu. Vijiti vitano, bastola tano. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu, na kitambaa cha vumbi mkononi.

Kisha nikashika magazini ya tatu. Nyepesi. Nikamimina risasi kwenye aproni, nikahesabu. Saba. Nikahesabu tena. Saba.

Daftari. Mwandiko wake ule mzuri, hakuna herufi iliyoyumba. Kurudi: Alhamisi, saa tisa na nusu. Risasi: saba. Moja imetumika. Sahihi. Na kwenye sababu, palipokuwa patupu juzi, ameandika "Steve". Halafu amepiga mstari mmoja kwa rula. Neno linasomeka. Pembeni ya mstari, sahihi tena.

Amelikata kwa nini? Kwa sababu ameliandika kimakosa, risasi ilikwenda hewani, Steve amekimbia tu kwa hofu? Au kwa sababu Steve amekwisha? Barthélemy, mume wangu, Barthélemy! Umeidanganya Home Affairs, umedanganya kanisa, umenidanganya mimi kuhusu kidole, na daftari ndilo umeliambia kweli.

Nikakata kamba, nikalificha chini ya aproni.

Polisi alifika saa nne kamili. Mpole, ana jasho, si mtu wa kutafuta makosa. Alisoma namba za bastola, zikalingana zote. Akatikisa boliti. Akasema hajaona sefu lililopangwa hivi tangu aanze kazi. Magazini hakuzigusa. Alishafunga kalamu! Alishasimama!

Ndipo mzee Essop, na furaha yake, akasema: na hujaona daftari! Fundi wangu ameandika kila kinachotoka na kila kinachoingia! Akapapasa nyuma ya mlango, akakuta kamba tupu. Akacheka, akasema Constance atakuwa amelipangusa vumbi. Polisi akakaa tena. Akasema angependa kuliona, awaonyeshe wenzake kituoni. Mimi nikasema nalileta, pamoja na chai.

Liko hapa, kando ya sahani ya biskuti. Orodha ya bastola na maneno ya jana yako ukurasa mmoja, ukurasa wa kwanza. Jiko linawaka. Nikichana, wa pili unaanza na namba mbili, kwa wino, kwa mkono wa mtu ambaye amehakikisha hata mimi nisiweze kumsaidia.

Maji yamechemka. Mzee ameita mara ya pili. Nimejibu naja.

Sasa kiti kimesogea sebuleni, viatu vinakuja huku jikoni. Viatu hivyo si vya mzee