Mstari wa Juu Kwenye Orodha

Jumatatu, 2 Machi

Mvua toka alfajiri. Taarifa ya saa moja nimesoma, chai nimekunywa, flashi imegoma. Zimebaki alama za njia za mkato tu, hakuna faili linalofunguka. Mtendaji wa kijiji aliirudisha Ijumaa ikiwa na muhtasari wa mkutano wao, na muhtasari huo ninauhitaji leo.

Sababu ni Mama Atupele. Amekuja redioni kwa miguu, kanga imelowa. Alhamisi nilitangaza kwamba wanakijiji wameridhia shamba lake la migomba lijengwe ghala la parachichi. Wapimaji wanakuja Jumatatu ijayo.

"Mwanangu, mimi uliniona wapi nikiridhia?"

Nimemjibu kwamba muhtasari utasema. Sikumwonea huruma. Kazi yangu ni karatasi.

Jumanne, 3 Machi

Msasani ya hapa Tukuyu, kwa Salum, fundi kompyuta. Babu yake alikuja na cherehani kutoka pwani. Mjukuu yuko chumba kilekile.

"Bosi, flashi yako imelala kila nyumba Rungwe hii."

Kirusi kimeyaficha mafaili, hakijayafuta. Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika dir, akaacha nafasi, akaweka mkwaju, kile kistari cha mshazari, na herufi a. Basi. Orodha ikashuka: kila faili, hata lililofichwa, na kando ya kila jina tarehe na saa lilipohifadhiwa.

Muhtasari: Jumatano, tarehe 25 Februari, saa tisa alasiri. Mkutano ulikuwa Alhamisi, tarehe 26.

Nimesoma mara tatu. Salum ameacha kutafuna karanga. Uamuzi uliandikwa siku moja kabla ya watu kukutana. Nimechapisha orodha nzima.

Jumatano, 4 Machi

Ofisini kwa mtendaji. Nilikwenda nikijua nimemshika. Nikaweka karatasi mezani. Nilitegemea akane. Akavaa miwani, akaweka kidole mstari wa juu kabisa.

"Na hii ni ya nani, ndugu mwandishi?"

Habari yangu. Jumanne, tarehe 24, saa kumi jioni.

Ndivyo nifanyavyo miaka yote. Natunga habari kutoka kwenye barua ya mwaliko, halafu nakwenda mkutanoni kurekebisha idadi ya watu. Jumatano asubuhi nilimtumia flashi kwa bodaboda, aniwekee ramani ya eneo. Akaifungua habari.

"Nimekuta wameridhia. Nikasema, kama redio inajua, mimi ni nani? Nikanakili."

Tumefungua muhtasari. "Kwa kauli moja na kwa nderemo." Neno kwa neno, langu. Chini yake muhuri wa kijiji.

Nikauliza kuhusu kura. Haikupigwa. Watu walibishana, mvua ikawatawanya. Mimi nilikuwa nimeshaondoka. Nilikuwa na habari yangu tayari, ningesubiri nini?

Alikosa, na atajibu. Lakini mstari wa juu ni wangu. Nilirudi Tukuyu bila kuona njia.

Alhamisi, 5 Machi

Nimesoma masahihisho hewani mwenyewe. Jina langu, siku, saa. Hakuna mkutano ulioridhia, niliandika kabla.

Mhariri: "Umejimaliza, kaka." Amenivua taarifa ya asubuhi. Sawa.

Orodha na maelezo yangu nimepeleka halmashauri kwa mkono. Wameagiza mkutano urudiwe Jumatatu, mbele ya wapimaji.

Jumamosi, 7 Machi

Nimepitia habari zangu za zamani. Saba niliziandika kabla ya tukio. Niliacha kuhesabu hapo. Nachukia nilichokiona.

Jumatatu, 9 Machi

Mkutano. Wapimaji wamesubiri ndani ya gari. Mvua ilinyesha, hakuna aliyeondoka, nami nikiwemo. Daftari tupu mpaka mikono iliponyooshwa. Ya kukubali, michache. Ya kukataa, ilijaa mpaka nje ya banda. Gari limegeuza. Migomba imebaki.

Mama Atupele alipita mbele ya benchi langu. Hakusimama, alishukuru tu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Leo umekaa."

Nimeandika habari nilipofika nyumbani. Nimeihifadhi kwenye flashi mpya. Kisha nikafungua dirisha jeusi, nikaita orodha kama Salum alivyonionyesha. Mstari wa juu: leo, saa kumi na mbili na robo jioni. Mkutano ulikwisha saa kumi.

Nimezima kompyuta. Mvua imekatika.