Rakaa Mbili za Adhuhuri

Jumatatu, 12 Juni 1995

Darasa la asubuhi, kisha Adhuhuri, kisha kugawa mikeka. Wakimbizi wameongezeka uani mwa msikiti. Mtaa wa Kamenge unawaka kwa vita. Wahutu, Watutsi, karibu wote Wakristo. Akina mama wa mtaa wetu, Buyenzi, wanawapikia maharage. Mzee Shabani, muadhini wetu, amewaachia hata chumba chake. Mi nawapa tabasamu.

Waumini wananiuliza mke wangu atarudi lini kutoka harusini Ujiji. Nasema karibuni. Hakuna harusi. Nimemtuma na watoto wakae kwa ndugu zake, na mi nitawafuata. Mvuvi mmoja wa Ruziba, kule ziwani, atanipakia Jumatano ya wiki ijayo. Imamu anatoroka, na hakuna anayejua.

Ijumaa, 16 Juni

Hotuba ya leo: kupenda nchi uliyozaliwa. Nikaeleza Mtume alivyoiambia Makka, siku ya kutoka, kwamba hakuna ardhi anayoipenda kuliko hiyo, na kama watu wake wasingemtoa asingetoka. Nikasema nchi haipendwi kwa mdomo, inapendwa kwa kumlinda jirani. Watu walilia. Mzee Shabani alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mnafiki mkubwa mi. Na niliongea vizuri, ndicho kinachoniuma. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Jumapili, 18 Juni

Vijana wenye bunduki wamekuja langoni. Wanataka tuwatoe watu wa kabila fulani. Mzee Shabani alisimama katikati ya lango, birika la udhu mkononi.

"Hapa apana Muhutu, apana Mututsi. Kuna wageni wa Mungu."

Wauza mitumba wakaja, mafundi wa gereji, akina mama na miiko yao. Barabara ikajaa. Vijana wakauliza imamu ni nani. Nikainua kidole kama mtoto wa shule. Wakasema watarudi, na wataanza na mi. Hapo watu wangu wakanizunguka, mikono mitupu, mpaka wale wakaondoka.

Kisha wakanipongeza. Eti nimesimama imara! Nilichowaza ni kimoja tu: Jumatano iko karibu.

Jumanne, 20 Juni

Aibu ya leo sijui niiweke wapi.

Nimeswalisha Adhuhuri. Rakaa ya pili, nikakaa, nikasoma tahiyatu, nikatoa salamu. Nyuma yangu waumini wakanizindua: "Subhanallah! Subhanallah!" Sikuelewa wananiitia nini. Nilikuwa nimetulia kabisa. Nimemaliza.

Rakaa mbili badala ya nne. Nimeswali sala ya msafiri. Ndani ya Buyenzi, jirani na nyumba alimonizalia mama! Na hata sheria hainipi ruhusa. Msafiri hapunguzi sala mpaka azipite nyumba za mwisho za mji wake. Miguu ilikuwa msikitini, moyo ulishafika Ruziba.

Nikainuka, nikakamilisha mbili zilizobaki, nikasujudu sijda ya kusahau. Ya kusahau! Sikuwa nimesahau kitu.

Watu walinicheka kwa upole. "Ni kuchoka tu, Mwalimu." Mzee Shabani hakucheka. Alingoja wote watoke.

"Mwalimu, imamu akiwa musafiri anawatangazia watu, ili wenyeji wajikamilishie. Leo haukutangaza. Sasa we ni nani hapa, musafiri ao mwenyeji?"

Akachukua ufagio, akaendelea na kazi yake. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumatano, 21 Juni

Nilikwenda.

Nilitoka baada ya Alfajiri na kifurushi kidogo. Kwenye bariyeri ya wanajeshi nilisema naenda kumwona mgonjwa. Uongo mwingine. Mvuvi alikuwa ananisubiri, kanuna kwa sababu nimechelewa. Nikaingia majini mpaka magotini, nikashika ubavu wa mtumbwi. Kisha nikageuka kuutazama mji. Mtaa wa Kiriri ulionekana kule juu mlimani, mweupe. Buyenzi haionekani kutoka pale, mabati tu kwa mbali, huwezi kujua ni ya nani.

Nilitaka kuyasema yale maneno ya Makka. Mdomo ukakataa. Mtume walimtoa. Mi nani amenitoa? Watu wangu walijaa barabarani ili nisiguswe.

Nikamwambia mvuvi aende zake. Akanitukana, ana haki. Nimerudi kwa miguu, kanzu imelowa. Mtu asije akaniita shujaa. Woga bado ninao wote. Aibu imeuzidi, basi.

Mke wangu atanisubiri ufukweni Kigoma. Sijui nitamwambia nini.

Alhamisi, 22 Juni

Kumetulia. Vijana hawajarudi. Hakuna aliyeniuliza jana nilikuwa wapi.

Mwanamke mmoja amejifungua uani kabla ya Alasiri. Mtoto wa kike. Mama yake ametoka milimani, alikuwa hajawahi kufika mjini. Nikaenda kumpongeza. Akaniuliza kwa Kirundi mtaa huu unaitwaje hasa, maana mtoto atakuja kuuliza kwao ni wapi. Nikamwambia Buyenzi. Akalirudia jina polepole, asilipoteze.

"Na wewe, Mwalimu, kwenu wapi?"

Mzee Shabani alikuwa hatua chache kutoka pale, anajaza mapipa ya maji.

"Ni hapa," nikasema. Nilisema chini chini, Mzee asinisikie: bado namwonea aibu.