Maua Mafupi Hufa kwa Fagio

Jumamosi. Joto la kaskazi tangu alfajiri, na moyo wangu mzito kulishinda joto.

Kosa ambalo wengi wetu huku pwani hufanya na maua mafupi si kuyanyima maji. Ni kuyafagilia. Kila asubuhi tunapitisha fagio hadi chini ya mashina, tunaondoa kila jani, na kila jani huondoka na mchanga wake kidogo. Baada ya miezi michache ua limesimama kwa vidole vya miguu, nasi tunauliza ni nani mwenye husuda.

Nimefundisha sayansi karibu maisha yangu yote ya kazi. Nimechora mizizi ubaoni kwa chaki za rangi mara nisizoweza kuhesabu. Hata hivyo kosa hili limefanyika mlangoni pangu, na aliyelianzisha ni mimi.

Kibaya zaidi, nilimtwika mtu mwingine.

Kando ya kijia kitokacho langoni hadi barazani nina tuta la maua, upana dhiraa mbili, urefu hatua kumi na mbili. Nilipanda mwenyewe mvua za masika zilipoanza mwaka jana: vinka nyeupe na za waridi mbele, iksora fupi nyekundu nyuma yake, na taji la miiba kwenye pembe, pale mbuzi wa majirani wanapopenda kuchungulia. Penye nafasi ndogo sipendi maua marefu. Yanajifanya wenye nyumba. Haya yasiyopita goti yanatosha. Hayataki kupandwa upya kila msimu, upepo wa bahari hauyavunji, na ukiyakata ncha kidogo yanatanuka ubavuni na kuchanua tena.

Lakini yana udhaifu mmoja. Mizizi yake mingi inakula juu juu, kina cha shubiri moja tu. Mkwaju utafagiliwa miaka hamsini usijali. Vinka itajali.

Nafula ni mkaza mwanangu. Ameolewa na Kazungu, mwanangu wa mwisho, anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule Gongoni na kurudi nyumbani kwa pikipiki kila Jumamosi jioni. Alikuja kwetu kutoka Bungoma miezi minane iliyopita, msichana mpole, mrefu, mwepesi wa kazi. Wiki yake ya kwanza nilimkabidhi fagio la chelewa nikamwambia, "Huku kwetu, mwanangu, jani likikutwa uwanjani saa mbili asubuhi, watu hujua wenye nyumba wamelala."

Nilisema kwa mzaha. Bibi arusi mgeni hasikii mzaha wa mavyaa. Husikia amri.

Akafagia. Nikiamka nilikuta mistari ya fagio imepangika mchangani kama nywele zilizochanwa, na chini ya vinka hapana hata ua moja lililodondoka. Kwao udongo ni mzito, ukifagiwa unakuwa mgumu na kubaki pale pale. Wetu ni mchanga. Unafuata fagio kama kifaranga. Hilo sikumweleza. Badala yake nilimsifu mbele ya wageni.

Kabla ya Krismasi vinka zilianza kugeuka manjano. Saa sita mchana zilikuwa zinalala, jioni zinainuka nusu. Nikamwambia aongeze maji. Akaongeza. Maji yetu ya kisima yana chumvichumvi, na vinka haipendi miguu iliyolowa, kwa hiyo dawa yangu ikawa ugonjwa wa pili.

Alhamisi alikuja jirani yangu Bi Zuhura, rafiki yangu wa miaka mingi, mwenye ulimi usiojua kupumzika. Alisimama kwenye kijia akayatazama maua.

"Mwalimu, hawa wamefiwa au vipi?"

"Muulize mkaza mwana," nikasema. "Ndiye mwenye zamu."

"Aa, basi usimlaumu, dada. Wapo watu mkono wao ni wa moto. Hata mchicha wakiupanda unaungua."

Nikacheka.

Naliandika hilo peke yake nilione. Nilicheka. Na Nafula alikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai na mahamri. Akatoka, akapiga goti, akaweka sinia, akasema "Karibuni," akarudi jikoni. Tangu hapo hakuligusa tuta lile. Akifagia, anaacha kijia kizima upande ule, kana kwamba pana kaburi.

Jana jioni alinijia nikiwa nachambua mchele.

"Mama, naomba ruhusa niende nyumbani kidogo. Jumatatu."

"Kidogo ni siku ngapi?"

"Kidogo tu, Mama."

Nilipopita mlangoni kwake niliona mfuko wake mkubwa umefungwa, na kamba ya kuanikia haikuwa na leso yake hata moja. Mtu wa siku chache habebi leso zote. Kazungu hajui lolote, au anajua na ameogopa kuniambia. Nililala nikijiuliza nitamweleza nini mwanangu: kwamba mkewe ameondoka kwa sababu ya maua?

Asubuhi hii nikaamua kuyang'oa yaliyokufa, nisiyaone tena. Kuinama kwangu siku hizi ni shughuli, basi nikakalia ndoo iliyopinduliwa. Nikashika vinka ya kwanza, ikatoka kama kijiko kwenye uji. Ya pili vivyo hivyo. Mizizi yake ilikuwa nje, mikavu, imekunjamana kama mguu wa kuku.

Ndipo nikayatazama matofali ya ukingoni. Nilipoyapanga nilikuwa nimeyafukia nusu. Sasa yamesimama wazi, mengine yamelala. Mchanga ulikuwa umeshuka vidole vinne vizima, na samadi yangu yote pamoja nao. Ulikwenda wapi?

Nikainuka nikaufuata uelekeo wa fagio, hadi nyuma ya lango, pale Nafula anapomwaga takataka zake. Kuna kichuguu cha majani makavu na mchanga. Na juu ya kichuguu, bila kupandwa na mtu, bila hata kopo la maji, vinka ndogo thelathini na zaidi, majani yake yanang'aa, nyingine zimeshachanua.

Mbegu zilidondoka, fagio likazibeba, majani yakazifunika. Mkono ule ule nilioucheka ndio uliozipanda.

Nikamwita. Alikuja akasimama mbali, mikono nyuma.

"Sijagusa kitu, Mama."

"Najua. Sogea uone."

Alitazama muda mrefu. Nikamwonyesha matofali, mizizi, kichuguu, nikaanza kueleza kama niko darasani, mpaka nikajisikia naeleza ili nisilifikie lile neno. Kumwomba msamaha mtoto uliyemwoza mwanao si jambo tulilofunzwa. Sisi tulifunzwa kunyamaza na kumtumia kitoweo kizuri, aelewe mwenyewe.

"Nafula, nimekukosea. Nisamehe."

Akainamisha kichwa. Kisha akasema, polepole, "Lakini Mama, ni wewe uliyeniambia nisiache jani."

"Ni mimi."

"Na Bi Zuhura bado atasema."

Hapo alikuwa na haki. Nilimcheka mbele ya mtu, nikamwomba radhi nyuma ya lango. Hesabu hiyo haikulingana. Nikapaza sauti juu ya ukuta nikamwita Bi Zuhura, naye hachelewi panapo habari. Nikamweleza mbele ya Nafula, bila kuficha kosa langu.

Bi Zuhura alikitazama kichuguu, akanitazama mimi, akajipiga paja. "Kumbe mkono wa moto ni wako, Mwalimu! Na mimi kinywa changu ndicho kilichopuliza." Akamgeukia Nafula. "Mwanangu, niwie radhi. Na mimi unigawie miche miwili, nisije nikajisemea peke yangu kule kwangu."

Nafula alificha uso kwa upindo wa leso, lakini mabega yake yalikuwa yakicheka.

Jua lilipopungua makali tukahamisha miche. Nilikuwa nimeleta toroli la mchanga na samadi ya mbuzi iliyoiva, tukalijaza tuta hadi nusu ya matofali. Nafula akachimbua kila mche na bonge lake la udongo, asiutikise. Akaupanda kina kile kile ulichokuwa nacho, shubiri moja kutoka kwa mwenzake, kisha tukatandaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, tukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina lisioze. Fagio litaishia kwenye matofali. Majani yakidondoka humo ndani, ni chakula, si uchafu. Wageni watakaosema tumelala, waseme.

Alipanda yeye. Mimi nilishika kopo.

"Huchukua siku ngapi kushika?" akauliza.

"Kama kumi. Usiyaache yakauke, usiyafurikishe."

Akanawa mikono. Mfuko wake ulikuwa bado umefungwa; nilikuwa nimeuona nilipopita kuchukua toroli. Sikumuuliza kuhusu Jumatatu. Nimeshampangia mengi.

"Siku kumi," akasema mwishowe. "Na ukimwagilia wewe, Mama, utayazamisha."

"Nitayazamisha, kweli."

"Basi ngoja yashike kwanza."

Sasa nasikia pikipiki ya Kazungu langoni, na mkewe anamkemea asikanyage ukingoni. Baada ya siku kumi sijui. Labda ataomba ruhusa tena, na nitampa, na nauli juu yake. Nimejiahidi tu kwamba nikimfundisha mtu kazi nitamweleza na sababu yake, na nikiona kitu kinakufa nitainama kwanza kabla ya kusema.

Nawe unayesoma, leo, kabla jua halijazama, fuata shina la ua lako fupi kwa kidole hadi ardhini. Ukigusa mzizi, ufunike.