Picha ya Mama Mtoni

Jumatatu, 1 Septemba 1986

Sare za kwaya bado. Cherehani inakata uzi tangu asubuhi. Mchana nikaiacha, tukaenda mtoni na wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi. Mto umekauka kama kila Septemba, maji yako chini ya mchanga. Mama alichimba, mimi nikachota kwa kibuyu, punda amenuna. Wanawake waliimba wimbo wa kunisindikiza Mbooni, kwa mchumba wangu Mutua. Mama aliwashinda wote, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana. Mgeni mmoja alisimamisha gari darajani, akatupiga picha, akaenda zake. Tulimpungia mkono.

Ntheo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mbuzi wa kina Mutua wakishaingia kwa Baba, mimi ni mke wa mtu. Nina furaha mpaka naona haya.

Ijumaa, 5 Septemba

Basi limeleta gazeti. Mama yumo! Watu walijaa dukani kumwona. Kisha nikasoma maneno chini ya picha. Eti wanawake wa Kanyangi wanachimba mizizi ya kula, na mmoja analia kwa njaa.

Anayelia ni Mama. Mama ambaye kila Krismasi namwongezea kitambaa kiunoni.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Baba hakucheka.

Jumapili, 7 Septemba

Mutua alikuja baada ya kanisa, amekunja uso. Baba yake amesoma gazeti. Anataka ntheo ingoje mpaka tuvune, maana si vizuri watu wenye njaa wapikie wageni. Kwao maji yanatiririka karibu na mlango. Mzee hajawahi kuona mtu akichimba mchanga apate maji. Kwake, tunachimba nini tena kama si mizizi?

Huruma yake imeniudhi kuliko tusi.

Nikamuuliza Mutua kama na yeye ameamini. Alikizungusha kikombe chake cha chai, akatazama ndani. Amekunywa chai hapa mara ngapi, na hajawahi kuuliza maji yanatoka wapi. Kikombe kile sitakisahau.

Nimelia. Kwa hasira, si kwa njaa. Waandike na hiyo.

Baba anasema gazeti ni la waongo. Baba huyuhuyu aliyekataa kwenda Makindu kwa sababu gazeti lilisema simba wamejaa stesheni. Likisema ya wengine, ni kweli. Likisema yetu, ni uongo. Lakini nimewaza: yule mtu alisimama darajani. Hakushuka. Hakumsalimia hata punda.

Mama hakulia wala kugomba. Alimpa Mutua ujumbe: waje kutuangalia, siku yoyote, wasituambie. Mwenye macho haambiwi tazama.

Alhamisi, 11 Septemba

Amekuja! Shangazi yake Mutua, dada mkubwa wa mzee. Mrefu, maneno machache. Amenikuta nywele sijachana. Aliingia jikoni moja kwa moja, akafunua sufuria: muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, na kunde. Akaenda ghalani, akatia mkono kwenye mtama mpaka kwapani. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nampenda.

Kisha akataka kupelekwa mtoni. Mama alimwonyesha mahali, akampa jembe. Alichimba na nguo yake ya kanisani. Maji yalipoanza kujaa shimoni pole pole, alipiga magoti, akanywa, akakaa mchangani akacheka.

"Kumbe mizizi yenyewe ndiyo hii," alisema. "Na wewe ndiye ulikuwa unalia?"

Mama alimwimbia wimbo uleule, mdomo wazi vilevile. Shangazi alipanguza machozi ya kicheko.

"Nitamwambia ndugu yangu," alisema. "Mimi si gazeti. Mimi nimekunywa."

Ameondoka na basi la jioni. Sasa mzee ataamini nani, dada yake au karatasi?

Jumamosi, 13 Septemba

Tulipika tangu alfajiri bila kujua kama watakuja. Saa sita, kimya. Saa nane, Baba alianza kuzunguka boma. Niliona bora niende nikashone tu.

Halafu mbuzi wakalia barabarani. Sijawahi kusikia kwaya tamu kama ile.

Mzee ameleta mbuzi. Ameleta pia gunia la mahindi, hata hakuombwa. Amemwamini dada yake nusu, na gazeti nusu. Mama alipokea gunia kwa mikono miwili, akashukuru, akapakua. Mzee alimaliza sahani ya tatu, akalitazama lile gunia, akainamisha kichwa akicheka. Wakati wa kuondoka Mama alimwekea kunde debe zima, akamwambia amesikia Mbooni kuna baridi kali, watu wanahitaji nguvu.

Nimeolewa. Nimeolewa!

Jumapili, 14 Septemba

Kumetulia. Mama alichukua mkasi wangu, akakata maneno ya chini, akayatia motoni. Picha ameibandika ukutani kwa uji. Anasema ametoka vizuri.

Mutua alilala kwa jirani. Asubuhi alishika jembe, akasema leo maji atachota yeye. Tulikwenda wawili. Alichagua mahali mwenyewe, akachimba mpaka kiunoni, mchanga mkavu mtupu. Mimi nilikaa na kibuyu changu kivulini.

Nilimwacha achimbe kidogo zaidi, ndipo nikamwonyesha penye maji.