Sekunde Kumi na Moja za Magige

Matongo,
3 Machi 2024

Mwanangu Felix,

Hujambo mura, kijana wangu? Mkeo Precious na mtoto hawajambo? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nimestaafu. Mvua zimeanza vizuri. Yule ng'ombe wako mwekundu amezaa, jike.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mambo ya maana sijazoea kuyaandika kwa kidole gumba. Ni kuhusu jukwaa lako la iritungu. Kwanza hongera. Kuwakusanya watu mia nne kwenye simu, kutoka Sirari mpaka Busawe, waongelee zeze letu la nyuzi nane, si mchezo. Juzi nilikuwa nasoma mtu wa Busawe anavyoeleza namna ya kuwamba ngozi, nikaunguza uji.

Lakini fujo nayo ipo, tena kubwa. Waganga wanatangaza dawa. Mtu anaweka picha anapiga kwenye harusi, chini yake koo mbili zinatukanana mpaka picha yenyewe inasahaulika. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini, fujo naijua. Kwa hiyo sikiliza.

Anayeripoti kitu asibonyeze tu na kukimbia. Aambatishe kipande chenyewe kinachomuudhi. Mtoto akija kwangu kushtaki kachaniwa daftari, nilikuwa namwambia alete daftari.

Halafu kitu kikifutwa kisipotee hapo hapo. Kiwekwe pembeni mwezi mzima. Mimi vitu nilivyowanyang'anya darasani nilivifungia kabatini, siku ya kufunga shule kila mmoja anakuja kuchukua chake.

Na la mwisho, mtu asifute wimbo ambao hajausikiliza mpaka mwisho. Unawajua wapigaji wetu. Anajigamba, anawataja ng'ombe wa ukoo mwingine, anawacheka wenyewe, halafu mbele huko anawasifu. Ukimkatia katikati utadhani anatangaza vita.

Kaka yangu Magige, baba yako, angekuwepo angewapigia hao wote mpaka wafiche vyombo vyao. Mwaka huu anatimiza miaka ishirini na saba tangu atuache. Siku yake ikifika nina kitu nakuandalia, usiniulize.

Ni mimi shangazi yako,
Teresia


Nkende,
10 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, mtoto ameota jino la pili na anatung'ata wote. Pole na goti. Barua yako Brayan wa bodaboda aliniletea hapa dukani, mpaka wateja wa fotokopi wakacheka kwamba bado kuna watu wanaandika barua.

Nimesoma mapendekezo yako yote, asante. Hilo la kuambatisha kipande nimelichukua, nimeshalitengeneza. Hilo la kabati limenishinda. Nafasi kwenye seva ni ndogo mno, nyimbo ni nzito, nikianza kutunza hata vilivyofutwa jukwaa litajaa ndani ya wiki mbili. Na kusikiliza kila wimbo, shangazi, nitaishi vipi? Niko peke yangu.

Nimeweka sheria moja rahisi. Kitu kikiripotiwa na watu watatu kinafichwa, kinaingia kwenye orodha yangu, mimi nabonyeza "futa kabisa". Nimeamua hivyo kwa sababu wiki iliyopita watu wawili walipigana mnadani kwa maneno yaliyoanzia jukwaani kwangu. Mmoja amekatwa mkono. Sitaki damu ya mtu.

Mwanao,
Felix


Nkende,
14 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumai hujambo. Sisi wazima.

Naandika kwa aibu. Jana umeniita mjinga na kiziwi mbele ya wanachama mia nne. Ukasema afadhali ungelea mbuzi kuliko kunilea mimi. Watu wamepiga picha maneno hayo wanatumiana mpaka Mugumu. Sheria inasema anayemtukana msimamizi anafungiwa siku thelathini, na kama nikikuachia wewe kwa kuwa ni shangazi yangu, kesho nitamfungia nani? Kwa hiyo nimekufungia. Nisamehe.

Kuhusu ule wimbo wako, sikujua ni wako. Siku hiyo kwenye orodha kulikuwa na vitu arobaini na kitu, vyote vina ripoti tatu tatu, vinaonyesha jina la wimbo tu. Huo uliandikwa "Mpigaji wa Matongo, 1996". Nikabonyeza vyote kwa pamoja. Kama unao kwenye simu utume tena, toa sehemu ya majigambo, nitauacha.

Mwanao,
Felix


Matongo,
19 Mei 2024

Felix,

Salamu utanisamehe, leo sina.

Mpigaji wa Matongo ni baba yako.

Nilikuwa na kaseti moja. Mwaka 1996, nyumbani kwangu, siku niliyopokea mahari ya binti yangu Honoratha, baba yako alipiga, mimi nikaweka redio kaseti juu ya kiti nikarekodi. Nimeitunza miaka yote hiyo ndani ya kopo la Blue Band, mchwa wasiione. Mwezi wa tatu nikaipeleka Tarime mjini kwa fundi aihamishie kwenye simu. Akafanikiwa mara moja, aliporudia mashine ikaitafuna. Ikatoka utepe kama utumbo wa kuku. Nikasema basi, sauti ipo kwenye simu.

Tarehe kumi na moja mwezi huu, siku yake, nikaibandika jukwaani. Nilitaka wewe uikute mwenyewe. Ulikuwa na miaka mitatu, upo mle ndani. Kuna mahali unalia mlangoni, baba yako anaacha kupiga anaongea na wewe. Umekuwa ukiniuliza tangu darasa la kwanza, shangazi, baba alikuwa na sauti gani? Nikasema mwaka huu nitamjibu.

Simu yangu ilikuwa imejaa, inagoma hata kupokea picha. Nikaufuta wimbo kwenye simu. Nilifuta mimi kwa mkono wangu, nikijua uko kwa mwanangu na hapo ni salama kuliko kwenye kopo.

Ndiyo maana nikakuita kiziwi.

Teresia


Nkende,
2 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Nilisoma barua yako nimesimama dukani, nikafunga duka saa nne asubuhi. Nimekwenda kwa fundi wako. Kompyuta yake alishaisafisha, hana kitu. Nimewapigia wenye seva, wakaniambia ukibonyeza hicho kitufe umebonyeza, hakuna pa kurudi. Nimeuliza jukwaani kama kuna aliyeupakua. Wengi wanasema waliusikia, ulikuwa mzuri. Waliusikia, shangazi! Watu nisiowajua wamemsikia baba yangu, mimi mwenye jukwaa sikumsikia.

Nilikuwa na shangazi aliyeniambia asifute mtu wimbo asiousikiliza. Nikamjibu nitaishi vipi.

Nimekufungulia. Nimetengeneza na kabati lako, kila kitakachofutwa kinakaa mwezi mzima. Ikabidi nipunguze picha, nafasi ikapatikana. Kumbe ilikuwepo siku zote.

Precious anakusalimia. Anataka tuje Jumapili tukupigie magoti. Nijibu tu neno moja kwa Brayan, hata la mdomo.

Mwanao,
Felix


Nkende,
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umeisha hujanijibu. Brayan anasema uko mzima, alikukuta unapalilia, barua ukaipokea ukaitia mfukoni bila kuisoma. Jumapili ile tulikuja, tukakuta mlango umefungwa na jirani akasema umetoka. Viatu vyako vilikuwa kizingitini. Sikugonga mara ya pili.

Lakini hii usiitie mfukoni, tafadhali.

Jana nilikuwa nasafisha sanduku la ripoti, lile ninalopokea vipande wanavyoambatisha. Sijawahi kulifungua tangu nilitengeneze. Ulitaka anayelalamika alete daftari lililochanwa, unakumbuka? Wawili kati ya wale watatu hawakuambatisha kitu. Wa tatu, mzee Nchagwa wa ng'ambo ya mto, aliambatisha. Alikata pale ukoo wao ulipochekwa.

Ni sekunde kumi na moja. Baba anapiga, anaimba kwamba ng'ombe wao wakipigiwa filimbi wanakuja wenyewe kwetu. Watu wanacheka, na wewe nadhani nimekusikia unacheka. Sauti yake ni nyembamba, shangazi! Nilidhani ni nene. Miaka yote nimemfikiria mtu wa sauti nene.

Mwishoni kabisa mtoto anaanza kulia. Mkono unasimama kwenye nyuzi, baba anavuta pumzi. Hapo inakatika.

Nimeisikiliza sijui mara ngapi. Mzee Nchagwa nilimpigia simu, akalia na yeye. Anasema angejua ni wimbo wa marehemu asingeripoti, wao hawashindani na marehemu. Hana zaidi ya hicho kipande.

Sasa nakuomba jambo moja, halafu unaweza kunichukia mpaka utakapochoka. Wewe ulikuwepo. Baada ya pale, baba aliniambia nini?

Mwanao,
Felix


Matongo,
11 Agosti 2024

Mwanangu Felix,

Hujambo mura? Na Precious, na mtoto? Mimi sijambo kiasi. Mahindi nimevuna magunia sita. Ile Jumapili nilikuwa ndani, nilikusikia unagonga. Nilikuwa na hasira, na sikutaka mtoto anione nikilia.

Sikukuchukia. Nilifuta na mimi, tena kabla yako.

Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Si kwa hasira. Nilikuwa natafuta jibu. Nimekwenda mpaka kwa Honoratha kumwuliza, akasema yeye siku hiyo alikuwa ndani na mawifi. Mama yako angejua, lakini naye tulishamzika. Waliobaki wa siku ile ni mimi na wewe.

Nakumbuka ulikuwa na shati la kijani limekosa vifungo. Nakumbuka baba yako alilaza iritungu chini, akakushika akakukalisha juu ya paja, na wewe ukanyamaza, ukaanza kuvuta nyuzi. Nakumbuka aliongea, tena si kidogo, na watu wote wakatulia kumsikiliza.

Maneno siyakumbuki, mwanangu. Nimejaribu shambani, nimejaribu kanisani, nimekaa kwenye kiti kile kile. Mwaka huu niliyasikia kwa fundi, mara moja, huku pikipiki zinapita, nikasema nitayasikiliza vizuri nyumbani. Miaka ishirini na nane nilijua yako ndani ya kopo, kwa hiyo sikujisumbua kuyashika kichwani.

Njoo Jumapili, mlango utakuwa wazi. Njoo na hizo sekunde kumi na moja. Mimi bado sijazisikia.

Shangazi yako,
Teresia