Noti Tatu za Chini

Jumapili, mwezi wa pili. Mvua imetunyeshea hapa Magamba tangu tutoke ibada, na tope la barabarani bado liko kwenye sketi yangu. Sijabadilisha. Nimekaa kibarazani na simu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo kama umekuja kwenye blogu hii kutafuta habari njema, leo pita tu.

Wameichukua klarineti yangu.

Si yangu, ni ya kanisa. Ndiyo maana wameweza.

Kwa msioijua, klarineti ya alto ni kubwa kuliko ile ya kawaida, shingo imepinda na mdomo wa chuma wa kule chini umekunjwa kuelekea juu. Hii yetu ilikuja kwenye sanduku la msaada, na aliyeitengeneza alikuwa ameirefusha kwa chini. Alto nyingine zinapoishia, hii ilikuwa bado inashuka noti tatu. Viziba vya matundu ya kule chini vilipochakaa nilikata vingine kwenye soli ya kandambili, vikashika vizuri tu.

Kwenye bendi yetu noti hizo zilikuwa na kazi moja: makaburini. Sisi tukizika, bendi hainyamazi mpaka udongo usawazishwe na shada la mwisho liwekwe. Wanaume wanapokezana majembe, sisi tunapokezana pumzi. Wapiga tarumbeta wakichoka nabaki mimi huku chini, nashikilia wimbo usikatike. Basi watu wakaanza kuiita "ya msiba". Maharusi wakawa wananikataza nisiingie nayo ukumbini. Mama mmoja wa kamati alisema wageni wakiiona wanaanza kuulizana nani kafa.

Wenzetu wa Kasekese wana alto ya kawaida, fupi na nyepesi. Besi lao, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, limepasuka na misiba kwao haipumziki, wakaomba tubadilishane. Kikao kilikuwa jana baada ya mazoezi.

"Dada, nyie wa vyombo vya chini mnapenda kujifariji," mwalimu wetu wa bendi, Elia, akaniambia mbele ya wote. "Hizo noti tatu nani anazisikia? Hata mchungaji hazisikii."

Nikamwambia, baba yangu anazisikia. Wakanipa pole, halafu wakapiga kura. Wengi wape.

Baba alipuliza besi tangu kule kwenye makazi tuliyotengewa, enzi ambazo wazee wetu walikuwa bado wanaitwa wakimbizi wa Burundi. Sasa masikio yamekwisha. Daktari alitueleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, nzito zinabaki nyuma. Kwa baba zimebaki chache mno, zile za chini kabisa. Sauti yangu haisikii. Ya wajukuu haisikii. Redio aliigawa mwenyewe. Macho nayo hayasomi tena, na moyo umepanuka mpaka miguu inavimba. Hospitali walituambia tumrudishe nyumbani tu. Aliyewahi kuuguza anajua maana yake.

Kilichobaki kati yetu ni wimbo mmoja. Kila jioni navuta kigoda, naegemeza chombo kwenye ubao wa kitanda chake, napiga sehemu ya besi ya ule wimbo aliompigia mama siku tulipomzika. Besi tu, bila melodi. Mstari wa mwisho unateremka polepole mpaka noti ya chini kuliko zote. Pale baba hufumba macho na kusema "Ego", yaani ndiyo, kwa Kirundi chetu.

Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote. Sina mengine.

Kusema kweli siwezi hata kuwachukia watu wa Kasekese. Nao wana wafu wao, wanataka kuwazika kwa sauti inayostahili. Ninaowachukia ni wetu, na wiki ijayo nitasimama nao mstari mmoja na kusema Bwana asifiwe. Sijui unafiki ni nini kama si huo.

Leo baada ya ibada wakaja na pikipiki, wakaifunga kwa mpira wa baiskeli, wakaondoka nayo. Wameniachia ya kwao. Nzuri, sitasema uongo. Haivujishi hewa, inaitika haraka. Njiani nikajituliza kwamba kinachokosekana ni noti tatu tu, nitazipandisha. Elia ametufundisha hivyo: noti usiyoifikia chini ipige juu, ni ileile. Kwenye karatasi ni kweli.

Nikavuta kigoda. Baba akainua mkono kama alivyokuwa akiongoza bendi. Mstari wa mwisho ukateremka, chombo kikaishia, nikazipandisha zile tatu, nikamaliza. Nikaishusha klarineti mapajani.

Mkono wa baba ukabaki juu.

"Malizia, mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Nikapiga tena, kwa nguvu zaidi, mpaka kifua kikauma. Nikamaliza tena. Akawa ananitazama vidole, hana hasira hata kidogo. Akanisemesha kwa upole, kama mwanafunzi aliyepotea katikati ya wimbo.

"Bado kidogo tu. Usiogope. Shuka."

Nikatoka nje nikalia.

Sasa mvua inapungua. Nikigeuka namwona kupitia mlango, ameegemea mto, mkono bado ameuinua, umechoka. Hajaushusha.

Nitamwambiaje mtu asiyenisikia kwamba nimeshamaliza?