Jina la Nyumbani

Buzebazeba, Machi 2018

Kaka Heritier, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mvua imeniharibia dagaa niliokuwa nimeanika, na Angelina wangu ameota jino. Barua hii nampa Mama Winfrida, muuza mawese, akufikishie mkononi, maana simu naiogopa.

Kaka, nilikuwa namtafuta Mama. Nikaona tovuti yenye jina la shirika la kutafuta ndugu waliopotezana vitani. Juu, kando ya anwani yake, kulikuwa na kile kikufuli, nami nilidhani penye kufuli pana usalama. Wakauliza ndugu zangu wanaishi wapi. Nikajaza: Kidahwe, huko uliko.

Jana nilikwenda ofisini kwao kuulizia, wakasema tovuti ile si yao. Nikamkimbilia Patrick wa duka la intaneti. Akanitazama kwa huruma: "Dada, kufuli linazuia wa njiani wasisome unachotuma. Halikwambii anayepokea ni nani."

Waliomchukua Baba hawajaacha kukutafuta. Hama leo, mahindi yaache shambani.

Halafu kuna hili. Tangu vita hatufungui mlango mpaka tuitwe kwa majina yale aliyotupa Bibi, ambayo hayajui mtu nje ya nyumba yetu. Kaka, mtu akija mlangoni akakuita kwa jina lako hilo, usiitike, toka kwa nyuma. Tovuti ile iliomba jina ambalo ndugu pekee wanalijua, ili Mama akipatikana aamini kweli ni sisi.

Nikaandika lako.

Mdogo wako,
Margareta